Majina ya njaa Ukambani yalivyowashinda wahariri wa kale kwa ucheshi na ukweli

MTU akitaka kucheka bila kulipa kiingilio, atafute gazeti la Kiswahili la miaka 70 au 80 iliyopita, alikunjue polepole lisije likamkatikia mikononi, kisha asome habari ndogondogo za kurasa za ndani. Habari kubwa za wakati huo zimekwisha kuingia vitabuni: Vita vya Pili vya Dunia, tangazo la hali ya hatari la Oktoba 1952, kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953. Hizo tunazisoma kwa heshima zake. Lakini karani anayelalamika kwamba mahari imepanda kupita mshahara wake, au chifu anayewakumbusha raia kwamba matuta hayajichimbi yenyewe, hao bado tuko nao. Ukiwabadilisha mavazi tu, utawakuta kesho kwenye kituo cha matatu pale Wote au Mwingi.

Juma hili nataka tucheke kidogo kuhusu habari za Ukambani, hasa pande za Kitui na Makueni, kati ya miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1960. Tukimaliza kucheka nitauliza swali moja la kihakiki: kati ya mhariri mwenye mtambo wa kuchapa na mwanakijiji asiyekuwa na chochote ila ulimi wake, ni nani hasa aliyeisimulia vizuri habari ya wakati ule?

Tuanze na jina la gazeti lenyewe. Mwaka 1939 kampuni ya East African Standard ilianzisha gazeti la Kiswahili la kila wiki na kuliita Baraza. Francis Khamisi, ambaye baadaye alijitosa katika siasa, ndiye aliyelihariri miaka hiyo ya mwanzo. Sasa, kwa Mswahili wa Lamu au Mombasa, baraza ni ile sehemu ya kukaa iliyojengwa mbele ya nyumba. Watu huketi hapo bega kwa bega, kahawa ikipita, na kila mmoja ana haki ya kumkatiza mwenzake. Neno hilo lilipopanda gari la moshi kuja bara, likabadili tabia njiani. Lilipofika Ukambani lilikuwa mkutano wa chifu au wa Bwana DC: mtu mmoja amesimama, mamia wameketi chini juani, na aliyesimama ndiye peke yake ajuaye. Kodi imepanda. Ng'ombe wenu wamezidi. Chimbeni matuta. Kuna maswali? Hakuna. Haya, tawanyikeni.

Gazeti nalo lilirithi tabia za mabaraza yote mawili. Katika kurasa za mbele alisimama chifu: serikali imeamua, serikali imeonya, serikali inafurahi. Katika ukurasa wa barua ndimo mlimokuwa na kahawa. Mwandishi wa barua alianza kwa kumwomba Bwana Mhariri nafasi ndogo katika gazeti lake tukufu, akanyenyekea mpaka ukamhurumia, halafu katika aya ya pili akashusha kombora. Wasichana wanakata nywele! Vijana wa siku hizi hawaamkii wazee! Wazazi wanauza binti zao kama mbuzi! Juma lililofuata alijibiwa na mwingine, naye akaanza kwa unyenyekevu uleule. Jamani, wanaodhani kwamba kutukanana hadharani kuliletwa na simu za mkononi hawajasoma barua hizo. Tofauti ni kwamba babu zetu walitukanana kwa upatanisho kamili wa kisarufi.

Hilo la sarufi lina kisa chake. Tangu 1930 kulikuwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Unguja, na mwaka 1939, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa Baraza, ikatoka kamusi ya Frederick Johnson. Magazeti yalijitahidi kufuata usanifu huo. Ukambani, hata hivyo, Kiswahili kilikuwa kimeingia pia kwa mlango mwingine, mlango wa jeshi. Wakamba walikuwa miongoni mwa jamii zilizotoa askari wengi zaidi katika King's African Rifles, na Kiswahili cha kambini, ambacho wataalamu wanakiita Kikeya, hakikuwa na subira na ngeli. Amri ya gwaride haiwezi kungoja mtu apatanishe kivumishi.

Basi fikiria habari moja ikisafiri. Imeandikwa Nairobi kwa Kiswahili sanifu. Inasomwa kijijini kwa sauti na mwalimu, karani au askari aliyerudi kutoka Burma, maana wasomaji walikuwa wachache na gazeti moja lilikuwa na macho mengi. Akikwama kwenye neno la Kiunguja, analifafanua kwa Kikeya. Wasikilizaji wanaipokea kwa Kikamba. Habari iliyopita malango matatu namna hiyo haiwezi kufika ikiwa nyembamba kama ilivyoondoka. Upande wa Makueni angalau reli ilipita Makindu na Kibwezi, gazeti likashushwa likiwa bado na joto. Kitui haikuwa na reli. Huko gazeti lilipanda lori au basi, likavuka mito ya mchanga, na mito ikijaa likangoja ng'ambo. Kwa hiyo watu wa Kitui mara nyingine walipokea habari ikiwa imekwisha kuwa historia.

Tukiangalia maneno yenyewe ndipo kicheko kinapoanza kuwa na mfupa ndani. Afrika Mashariki ya miaka hiyo ilijaa mabwana. Kulikuwa na Bwana Shauri, aliyekuwa na mashauri mengi ila hakushauriana na mtu. Kulikuwa na Bwana Shamba, ambaye shamba lilikuwa lako lakini ubwana ulikuwa wake. Halafu kulikuwa na Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori. Mgeni angedhani huyo ndiye wa kumwendea ukiwa na hamu ya kitoweo. Thubutu! Huyo ndiye aliyekufunga akikukuta na nyama.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Makueni. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos (ilipata wilaya yake mwaka 1992), na serikali ilitaka kuhamishia huko watu waliobanana katika vilima vilivyolimwa vikachoka. Nchi yenyewe ilikuwa pori lenye mbung'o na vifaru. Ikaajiri mtu wa kuwaondoa vifaru hao, na jina lake, naomba msidhani natunga, lilikuwa J.A. Hunter. Kwa lugha yake, Bwana Mwindaji. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946 Bwana Mwindaji aliua vifaru 996. Pigeni hesabu: ni zaidi ya mmoja kila siku, Jumapili zikiwemo. Baadaye yeye mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1952, alionyesha mashaka kama kazi ile ilistahili kufanywa. Kisha alijenga hoteli mahali panapoitwa Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Angalau kiboko alisalimika, ijapokuwa kwa jina tu.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1948 ilianzishwa Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo, ambayo kwa kaskazini na magharibi imepakana na nchi ya Wakamba. Wanaume wa Kitui kusini na wa nyika za Makueni walikuwa wawindaji tangu kale, wenye pinde na mishale ya sumu, wakifuata ndovu kwa ajili ya nyama na pembe. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ilifanya msako mkubwa dhidi yao na wengi wakafungwa. Leo tunawaita majangili bila kufikiria mara mbili. Kifaru wa Makueni alipoanguka kwa risasi ya mshahara, tendo hilo liliitwa maendeleo. Ndovu wa Tsavo alipoanguka kwa mshale wa mtu wa Mutomo, tendo likaitwa uhalifu. Sisemi kwamba ndovu hawakuhitaji kulindwa. Walihitaji, na wanahitaji. Ninachosema kama mwalimu wa lugha ni kwamba mnyama alikuwa amekufa pande zote mbili, na kamusi ndiyo iliyoamua nani aandikwe kitabu na nani aandikiwe kesi.

Wanakijiji waliijua kamusi hiyo vizuri. Mwaka 1938 serikali ilikuwa imetangaza kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi uwezo wa malisho. Ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa bei ya kutupa, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimefunguliwa Athi River. Hilo nalo liliitwa kupunguza mifugo, kana kwamba ng'ombe ni nywele. Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa miguu hadi Nairobi wakapiga kambi huko kumtaka Gavana awasikilize. Mwishowe wengi wa ng'ombe wakarudishwa, ila Muindi akahamishiwa Lamu kwa adhabu. Yaani mtu aliyekataa baraza la kuketi chini na kunyamaza alipelekwa kuishi kwenye mji wa mabaraza halisi. Sidhani waliomhukumu waliona kichekesho hicho.

Ndiyo sababu, vita vilipokwisha na trekta za serikali zikaja kuchimba matuta Machakos, kuna watu waliolala chini mbele ya trekta hizo. Maafisa walishangaa: mbona hawa wanakataa msaada? Ndiyo sababu pia watu walisitasita mwanzoni kuhamia Makueni, ardhi iliyosafishwa kwa gharama ya vifaru 996. Walijiuliza swali ambalo gazeti halikuliuliza: serikali hii iliyokuwa juzi inanyakua ng'ombe, leo imepata wapi huruma ya kunipa shamba? Huenda inaliandaa kwa Mzungu. Hapa naona wasikilizaji wa kijijini wakiwa wahakiki bora kuliko wahariri. Waliisoma habari kwa kuitazama pamoja na habari iliyotangulia.

Lakini ushindi wao mkubwa ulikuwa katika kutoa majina. Jamii ya Wakamba, kama jamii nyingi za nchi kame, haikuacha njaa kubwa ipite bila jina. Njaa kwa Kikamba ni yua, na kila yua ilibatizwa. Ile ya mwisho wa karne ya 19, kati ya 1898 na 1900, iliitwa Ngomanisye, kwa sababu ilienea kote ikamkuta kila mtu. Neno hilo moja linabeba kurasa kumi za ripoti ya wilaya, tena bila jedwali.

Njaa ya 1961 iliitwa Yua ya Ndeke. Hapa pana somo zuri la lugha, hebu tulitulie. Katika Kiswahili, ndege alikuwa kwanza kiumbe mwenye manyoya, kisha tukalipa chombo cha angani jina lake kwa kufananisha, baada ya kuhangaika kidogo na neno eropleni. Kikamba tayari kilikuwa na jina la kiumbe mwenye manyoya, nalo ni nyunyi. Kwa hiyo kilipokopa neno la Kiswahili kilichukua chombo tu na kumwacha kiumbe. Ndeke ya Kikamba haitagi mayai. Mtafsiri asiyejua hilo akiandika kwa Kiswahili "njaa ya ndege", msomaji atadhani kwelea kwelea walivamia mtama wa watu. La hasha. Ukame ulikuwa umemaliza chakula, na mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1961 mvua ikaja kwa hasira, mafuriko yakakata barabara na madaraja, ikabidi chakula cha msaada kisafirishwe kwa ndege. Watu walioomba mvua wakapewa mvua iliyozuia lori la unga. Jina Ndeke limeyashika yote hayo: njaa, mafuriko, serikali iliyofika kwa juu, na mtu aliyesimama chini akitazama mbinguni si kwa ajili ya mawingu.

Hebu sasa linganisha na namna habari rasmi ilivyozoea kusema wakati huo. Nikiuiga mtindo wake kwa sentensi yangu mwenyewe, ingekuwa hivi: hatua zinazofaa zinachukuliwa kuhusiana na upungufu wa chakula katika baadhi ya sehemu za wilaya. Ni sentensi safi, haina kosa la kisarufi hata moja, na haina mtu hata mmoja. Nani anachukua hatua? Hatua zenyewe. Nani ana njaa? Sehemu. Tumbo halimo.

Nikivuka kidogo kipindi changu, kuna jina ambalo kwangu ndilo taji la sanaa hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 njaa nyingine ilipiga, na Wakamba wakaiita Nikw'a ngwete, yaani nafa nikiwa nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Mtu ana shilingi mkononi, ametumiwa na mwanawe aliye kazini Nairobi au Mombasa, anazunguka duka kwa duka, na rafu ni tupu. Mwaka 1981 mwanauchumi Amartya Sen alichapisha kitabu mashuhuri akieleza kwamba mara nyingi watu hufa njaa chakula kikiwapo, kwa kuwa hawana uwezo wa kukipata. Wakati huohuo Ukambani waliutazama upande wa nyuma wa sarafu hiyohiyo: uwezo ninao, chakula ndicho hakipo. Sen alihitaji kitabu kizima. Wao walihitaji maneno mawili, na maneno hayo yanachekesha.

Yanachekesha, ndiyo, na hapo ndipo penye hoja yangu. Kicheko cha Nikw'a ngwete ni cha mwenye msiba. Hakimdharau mtu aliye na njaa, kwa kuwa aliyekitunga ndiye huyohuyo aliyekuwa nayo. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahariri wa kale walituchekesha bila kukusudia, kwa sababu waliandika kuhusu vitanda vya wengine kwa lugha ya cheo. Wanakijiji walichekesha kwa kukusudia, na ndani ya mzaha wao tunapata sababu ya njaa, mwaka wake, njia za usafiri, hali ya soko na uhusiano wao na serikali. Mwanahabari gani wa leo hataki kuandika kichwa cha habari chenye vitu vitano kwa neno moja?

Sasa nirudi kwetu. Magazeti ya Kiswahili yamekua. Tangu Taifa Leo lianze kutoka kila siku mwaka 1960 tumepata vizazi vya waandishi hodari, na idhaa zikaongezeka. Hata hivyo, ukame ukiingia Kitui na Makueni, na huingia mara kwa mara, habari zetu hurudi kuvaa koti la Bwana Shauri. Tunasikia kwamba "wakazi wa maeneo hayo wanakabiliwa na baa la njaa", kwamba "kuna hali ya sintofahamu", kwamba "wahisani wametakiwa kuingilia kati". Badilisha Kitui uweke Turkana au Kilifi, sentensi haitikisiki. Habari inayofaa kila mahali haijafika mahali popote. Wanafunzi wangu wa uanahabari nikiwauliza sintofahamu ni hali gani hasa, hunijibu kwamba ni hali isiyofahamika. Sawa, lakini kazi yako si ilikuwa kwenda kuifahamu?

Sipendekezi turudie lugha ya miaka ya 1950 wala tuanze kuandika magazeti kwa mafumbo. Napendekeza jambo dogo la kiutendaji. Ripota anapotumwa Tseikuru, Kyuso au Kathonzweni kuandika kuhusu ukame, miongoni mwa maswali yake aweke hili: watu wa hapa wanauitaje mwaka huu? Asiridhike na jibu la afisa. Amuulize mama aliye kwenye foleni ya maji, amuulize mwenye duka ambaye mizani yake imeshika vumbi, amuulize mzee anayekumbuka ndeke. Akipata jina, aliandike kama lilivyo kwa Kikamba, kisha alieleze kwa Kiswahili chenye mtu ndani yake. Na mhariri asilifute eti kwa kuwa si sanifu. Kiswahili kimekopa kutoka kila bandari ya Bahari ya Hindi bila kuona haya; hakitavunjika kwa kuazima jina kutoka Kitui.

Maktaba zetu nazo zina deni. Majina ya njaa, ya mafuriko, ya nzige na hata ya mabwana wale wa kikoloni yamo vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Kitui na Makueni sasa ni kaunti zenye bajeti, zenye vyuo na vijana wenye simu za kurekodi sauti. Wakikaa na wazee hao barazani, kwa maana ya baraza ya Lamu, kahawa ikipita na kila mtu akiruhusiwa kumkatiza mwenzake, watakusanya gazeti ambalo halikuwahi kuchapishwa.